Dakika Nne za Kimya

Mwenzenu nimewahi kuuonea wivu ukimya. Siyo busu, siyo barua, wala ujumbe wa simu uliosahaulika kufutwa. Ukimya wa watu wawili ndani ya chumba, dakika nne na sekunde kumi na moja, nilioukuta kazini Alhamisi asubuhi nikiwa na hedifoni masikioni. Mkicheka chekeni tu, hata mimi ningecheka kama angekuwa mchumba wa mtu mwingine.

Kazi yangu ni kusafisha sauti. Pale Fittja, hapa Sweden, chini ya jengo moja refu nyuma ya kituo cha treni, bosi wangu Gregory ana studio ndogo ya kurekodi hadithi za kusikiliza kwa Kiswahili. Wasomaji wanasoma, mimi nakata. Nakata pumzi nzito, mate yanayomezwa, kiti kinacholia, karatasi inayofunguliwa. Na kabla ya kila kipindi wasomaji wanatakiwa wanyamaze dakika moja, mashine ikiwa inarekodi. Tunaiita sauti ya chumba, kwa sababu kila chumba kina ukimya wake, na nikikata neno mahali ni lazima nizibe pengo kwa ukimya wa chumba kilekile. Dakika moja inanitosha kwa kitabu kizima.

Ya Jumatano ilikuwa dakika nne.

Ndani walikuwa Hervé na Arielle. Hervé ni mchumba wangu, dereva wa basi, mzaliwa wa Bukavu aliyekulia Alby. Na niwaambie mapema ili mnielewe: Hervé hajui kunyamaza. Akila anaongea, akipiga mswaki anaongea, akiangalia mpira ndiyo usiseme. Mdomo huohuo ndio ulionimaliza. Miaka mitatu iliyopita basi lake lilikwama kwenye theluji, akachukua maiki akawaambia abiria kwa Kiswidi, halafu kwa Kiswahili kwa kuwa alishanisikia nikiongea na simu, kwamba wasio na haraka waimbe na wenye haraka washuke wasukume. Sikuwa na haraka yoyote siku ile, lakini nilishuka nikasukuma. Tangu hapo sijawahi kukaa naye kimya dakika moja.

Sasa alikuwa amekaa kimya dakika nne na Arielle.

Huyo Arielle ni nani? Ni mwalimu wa chekechea, anaimba kwaya kanisani kwao, na ana shingo ambayo mwanamke mwenzake anaiona kabla hajaona kitu kingine. Isitoshe, ni mjukuu wa mwami, mtawala wa jadi huko kwao milimani Kivu. Babu yake aliacha kiti na ng'ombe akakimbia vita, lakini ufalme haumtoki mtu kwa kupanda ndege. Mama Séraphine, mama yake Hervé, anamwita malkia wangu. Mimi, ambaye mama yangu ni mtu wa Kigoma, ng'ambo tu ya ziwa, ananiita ule Mutanzania. Mara ya kwanza nilipopelekwa kwake aliniuliza kama najua kusonga bugali, nikasema najua, akasema tutaona. Mpaka leo bado anaona.

Na humo studio hao wawili niliwakutanisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Gregory alikuwa na hadithi ya kale ya Waayalandi, alishapata sauti ya kike, ya Arielle, akawa anatafuta ya kiume, nikaropoka kwamba ninayo nyumbani. Hadithi yenyewe ni hii. Shujaa mmoja ana mke, binti wa kifalme. Malkia wa nchi ya ng'ambo ya maji, aliyeachwa na mumewe mfalme wa bahari, anamwita shujaa aje ampiganie vita ya siku moja, na ujira wake ni mapenzi. Shujaa anakwenda, anapigana, anashinda, halafu harudi. Anakaa huko mwezi mzima. Mkewe anapopata habari anakusanya wanawake hamsini, kila mmoja na kisu ndani ya vazi, wanakwenda kumtafuta huyo malkia. Arielle alisoma sauti ya mke na sauti ya malkia, zote mbili. Hervé alisoma shujaa. Mimi wiki tatu nzima nakata pumzi zao.

Mpaka hapo nilikuwa navumilia. Hervé akimwambia malkia kwamba hajawahi kuona uso kama wake, najiambia hiyo ni kazi, Magdalene, hayo maneno yameandikwa. Lakini ukimya haukuandikwa na mtu. Niliusikiliza mara ya kwanza, nikaurudia, nikaongeza sauti mpaka nikawa nasikia bomba la maji ukutani. Kiti kililia mara moja. Mtu akavuta kamasi, taratibu, na haikuwa pua ya Hervé, pua ya Hervé naijua. Mwishoni kabisa karatasi ikafunguliwa, na Hervé akasema, "Tuanze," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikuungoja huo mshindo. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, na nilichowaza ni kitu kimoja tu: Jumamosi.

Jumamosi hiyo, yaani keshokutwa, upande wa Hervé ulikuwa unakuja nyumbani kwa mama, Bredäng, kujitambulisha. Baba alikwishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mjomba wangu Obedi ndiye angesimama. Angeniita kutoka chumbani, aniulize mbele ya watu wote: kati ya wageni hawa unamfahamu nani? Halafu aniulize mara tatu: walichokileta tupokee, tusipokee? Mama alinikalisha chini mapema. Akasema msichana akishatamka pokeeni, amefunga mlango kwa mkono wake, asije tena na vilio kwamba hakujua. Nilikuwa nimemjibu kwa Kiswidi, kama ninavyofanya nikitaka kumkatisha, kwamba najua, mama, najua. Kumbe sikujua lolote.

Saa nane mchana Arielle akaja kurekebisha mistari michache. Gregory hakuwepo. Tulikuwa wawili tu, yeye ndani ya kibanda cha kurekodia, mimi nje ya kioo na kidole kwenye kitufe cha kuongea naye. Alinisalimia vizuri, akaniita yaya Magda, kwao yaya ni dada mkubwa, na mimi nimemzidi miezi saba tu. Hata hiyo iliniuma.

Mstari ulikuwa wa malkia, pale anapoona mapenzi ya yule mke mwenye kisu na moyo wake unalegea. Akausoma: "Mchukue. Heri nimkose nikijua aliko, kuliko nibaki naye nisijue moyo wake umelala wapi."

Ulikuwa safi. Nikabonyeza kitufe nikasema tena.

Akausoma tena. Nikamwambia kuna pumzi kabla ya heri. Akarudia. Nikamwambia herufi ya mwisho imekwaruza. Akarudia. Mara ya tano nikamwambia haamini anachosoma, na mara ya saba nikamwambia anakiamini mno. Mungu anisamehe, nilifurahia. Yule mke wa hadithi alikwenda na visu hamsini, mimi nilikuwa na kitufe kimoja na kilinitosha kabisa. Mara ya kumi na moja sauti ikamkatika katikati. Akashusha hedifoni kutoka sikio moja, akaniangalia kupitia kioo.

"Yaya Magda," akasema. "Uliza tu."

"Niulize nini?"

"Kile unataka kuuliza. Usiniue na huu mustari."

Nikakaa na kidole changu juu ya kitufe. Ningeweza kujifanya sielewi, akarudia ya kumi na mbili, akaenda zake. Nikabonyeza.

"Jana mlikuwa mnafanya nini humo ndani dakika nne?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa anangoja tangu alipovua koti. Akachukua karatasi zake za hadithi, akafungua ukurasa wa kwanza wa kipindi cha Jumatano, akauweka kwenye kioo upande wangu. Pembeni, kwa penseli, kulikuwa na maneno mawili: Jumamosi usiende.

Wasomaji wote huandikiana pembeni mwa karatasi. Penseli haisikiki kwenye maiki. Mimi ndiye niliyewafundisha.

"Nilimupenda mbele, weye hujamujua bado," akasema. "Yeye alijua. Mama yake alijua. Tulikuwa tunangoja nimalize masomo, kisha weye ukapanda kwenye ile basi yake. Sikusema kitu miaka tatu. Jana nikaona Jumamosi inafika, nikaambia moyo wangu, leo ama hapana. Nikaandika, nikamusukumia."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Aliangalia ile karatasi."

"Dakika nne?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa nalia."

"Alikugusa?"

"Hapana."

"Ulimgusa?"

"Hapana, yaya. Alifungua ukurasa. Ile ndiyo jibu alinipatia. Akafungua ukurasa, akasema tuanze, tukaanza." Akapangusa macho kwa kiganja. "Amekuchagua. Sasa juu ya nini unanitesa?"

Nilitakiwa nifurahi, sivyo? Mtu ameombwa akakataa. Wanawake wangapi wanapata ushahidi wa namna hiyo, umerekodiwa, una tarehe na saa? Lakini moyo wa mwenye wivu haushibi. Kilichoniuma siyo kwamba alifungua ukurasa, ni muda aliotumia kuufungua. Maneno mawili husomwa kwa sekunde moja. Hizo nyingine zote alikuwa wapi?

Nikamwambia Arielle mstari umekamilika, ahsante, anaweza kwenda. Akavaa koti lake. Akatoka.

Hervé nilimwambia tuonane Ijumaa saa kumi na moja, akitoka zamu. Alinikuta kwenye benchi nje ya duka kubwa pale Bredäng, jua la Aprili bado liko juu, watoto wanazunguka na baiskeli. Alikuja anaongea tangu mbali. Mama yake amebadilisha kitenge mara tatu, mzee Urbain atakayewasemea ameshaanza kufanya mazoezi ya hotuba, suti imerudi kutoka kwa fundi ikiwa fupi mkono mmoja. Nikamwacha aongee mpaka alipouona uso wangu.

"Nimeuona ule ukurasa," nikasema.

Akakaa. Akaweka kofia yake ya kazi gotini, akawa anaizungusha.

"Arielle amekuambia."

"Nilianza kusikia mwenyewe. Yeye amenionyesha tu. Maneno mawili, Hervé, na wewe umetumia dakika nne."

"Magda, chérie, haiko vile unawaza."

"Niambie basi ilikuwaje."

Akaanza kunieleza kwamba yeye na Arielle wamekua wote, kwamba alipofika Sweden hajui hata neno la Kiswidi ni Arielle aliyekuwa anamsindikiza shule, kwamba mtu kama huyo huwezi kumjibu harakaharaka, unatafuta namna ya kutomvunja. Aliongea vizuri. Hervé siku zote anaongea vizuri, angeweza kumuuzia samaki mtu anayeishi ziwani. Nikamngoja amalize.

"Sikuulizi ulivyomwonea huruma," nikasema. "Nakuuliza kama ulitaka."

"Kutaka nini?"

"Kutokuja kwetu."

Hapo akanyamaza. Ndiyo, Hervé wangu akanyamaza, kwenye benchi la Bredäng, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikaonja kile alichoonja yule mwanamke ndani ya kibanda. Sikukipenda.

"Nilitaka," akasema. "Kidogo. Niliona mama anacheka. Niliona nyumba yenye hakuna mutu wa kuelezea kitu, kila wimbo tunaujua wote. Nilikaa mule ndani ya ile nyumba kwa mawazo. Kisha nikakutafuta, haukuwa mule, na nikachoka nayo. Nikafungua ukurasa."

"Ungeweza kunidanganya."

"Ungesikia," akasema. "Weye unasikiaka kila kitu."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kulaza kichwa changu begani kwake, vyote kwa wakati mmoja, na sikufanya hata kimoja. Nikamwambia kesho wasije. Akasema watakuja. Akasema kama ni kukataa nikatae mbele ya watu, aibu aibebe yeye, atatembea kwa miguu mpaka Alby na suti yake ya mkono mfupi. Halafu akainuka, akanigusa shavu kwa mgongo wa kidole kimoja, akaingia kituoni. Nilibaki pale mpaka benchi likapoa.

Wakaja. Saa tisa kamili niliwasikia kuanzia ghorofa ya chini, wanawake wanapanda ngazi wakiimba, majirani wanafungua milango kuchungulia. Mimi nilikuwa nimefungiwa chumbani na shangazi zangu, nimevalishwa, nimepakwa, siruhusiwi kuchungulia. Kwao akina Hervé, kapu la zawadi za mama mkwe hubebwa kichwani na msichana wa ukoo ambaye hajaolewa. Hervé hana dada. Nilijua watamtafuta binamu au mtoto wa jirani, sikujali ni nani. Nikasikia hotuba ya mzee Urbain, nikasikia mama anacheka, kisha nikasikia Mama Séraphine akisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba wamekuja na binti yao, mujukuu wa mwami, ndiye amebeba kapu.

Shangazi yangu mmoja akaniuliza mbona nimekuwa wa majivu. Nikamwambia poda.

Nilipoitwa nikatoka. Sebule ya mama ilijaa watu mpaka dirishani. Arielle alikuwa amesimama katikati, gauni la kitenge cha bluu, kapu kichwani, ile shingo imenyooka. Sikuamini kama alikuja kwa kupenda. Mama Séraphine alimwomba mbele ya kwaya nzima, hilo nilikuja kulijua baadaye, na mtoto wa watu angekataa kwa sababu gani ambayo ingesemeka? Hervé alikuwa amekaa karibu na mzee Urbain, jasho kwenye paji la uso. Hakumwangalia Arielle hata kidogo. Nililiona hilo, na hata hilo nililichukia, maana mtu hujizuia kuangalia kitu kinachomvuta.

Mjomba Obedi akakohoa. "Magdalene, mwanangu. Kati ya wageni hawa, unamfahamu nani?"

Desturi ni kwenda kumgusa bega mchumba wako, watu wapige makofi. Nikaenda. Nikampita Hervé, nikaenda kusimama mbele ya Arielle, karibu kiasi cha kuona chozi alilokuwa analizuia.

"Huyu namfahamu," nikasema.

Mama Séraphine akabaki na leso yake hewani. Mjomba akauliza kama kuna mwingine, nikageuka.

"Na huyu. Nilidhani namfahamu miaka mitatu. Nimeanza kumfahamu jana."

Watu wakacheka, wakadhani binti ana utani. Hervé hakucheka. Aliniangalia na macho yake yote, na nikajua kwamba kama nitakataa hataniomba wala hatanilaumu. Angeinuka na kuondoka kama alivyosema.

"Haya," mjomba akasema. "Walichokileta tupokee, tusipokee?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiria mapenzi. Nilitakiwa nikumbuke basi, theluji, miaka yote ile ya kucheka. Sikukumbuka. Nilichokiona ni ngazi za mama, na kapu nalo likirudi kichwani mwa aliyelileta, na Hervé nyuma yake, wakishuka pamoja mpaka kituoni, wakikaa viti viwili vya treni ya kwenda Alby, kimya.

"Pokeeni," nikasema.

Aliyetangulia kupiga kigelegele ni Arielle. Kilikuwa kirefu, kizuri, wengine wakakidakia, chumba kizima kikalipuka. Kabla yake alivuta pumzi, na kwa jinsi alivyoivuta nilijua ni kilio alichokigeuza njiani. Nikainua mikono nikalitua kapu kutoka kichwani kwake. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na hakuliachia mara moja.

Mjomba akaniuliza mara ya pili, kama ilivyo desturi, na mara ya tatu. Zote mbili nilijibu kabla hajamaliza swali, ili Hervé asipate nafasi ya kuwaza.